Vichujio vya Nebula: Kipi Kinunuliwe Kwanza Nairobi

Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo nebula (wingu la gesi na vumbi angani) ya Orioni hupita karibu na utosi na ile ya Carina huonekana vizuri upande wa kusini. Kinachotuharibia ni mwangaza wa jiji. Kichujio, yaani kioo kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho ya darubini, hakiongezi mwanga hata chembe. Kazi yake ni kuzuia usiotakiwa na kupitisha mistari michache ya rangi inayotolewa na gesi ya nebula, hasa ya oksijeni kwenye nanomita 496 na 501 na ya haidrojeni kwenye nanomita 486.

Nafasi ya kwanza naipa UHC (Ultra High Contrast) bila kusita, kwa sababu hupitisha mistari hiyo yote mitatu, na hufaa hata darubini ndogo. Kijaribu kwa kuielekeza darubini kwenye nebula ya M8 (Lagoon) au M42 (ile ya Orioni) ukitumia lenzi ya jicho yenye ukuzaji mdogo, kisha ukishike kichujio kwa ncha za vidole kati ya jicho na lenzi, ukikiingiza na kukitoa: nyota hufifia, anga hukolea weusi, na kingo za gesi ambazo hukuziona mwanzoni hujitokeza.

Cha pili ni OIII, ambacho hupitisha oksijeni peke yake katika upana wa takriban nanomita 10. Kwa nebula ya Veil na ya Helix kinaishinda UHC, lakini kwenye darubini ndogo picha huwa na giza mno, kwa hiyo mwenye darubini ya kioo chenye kipenyo cha chini ya milimita 200 anaweza kusubiri.

H-beta, kinachopitisha ule mstari wa haidrojeni peke yake, ni cha tatu, na ni cha wachache. Husaidia hasa nebula za Horsehead na California, tena kwa darubini kubwa chini ya anga nyeusi. Aliye katika mitaa ya jiji kama Umoja au South B hataiona Horsehead hata akikinunua.

Mwisho kabisa naviweka vile vya bei nafuu vinavyouzwa kama dawa ya mwanga wa jiji. Vilibuniwa kuzuia taa za sodiamu na zebaki, ilhali LED nyeupe humwaga mwanga wa rangi zote, na mwingi hupenya. Fedha hizo ni heri zinunue mafuta ya gari hadi Magadi, mbali na taa za jiji. Wala hakuna kati ya vyote hivi kinachosaidia galaksi au ukungu unaozunguka Kilimia, kwa kuwa mwanga wao ni wa nyota.

Kabla ya kulipa, omba grafu ya upitishaji, inayoonyesha kiasi cha mwanga kinachopita kwa kila rangi, nawe ukikuta chini ya asilimia 90 kwenye nanomita 501, kiache. Hakikisha hesi ya kichujio (mikato ya skrubu) inazunguka bila kukwama kwenye lenzi yako, ya inchi 1.25 au 2. Mwenye lenzi za saizi zote mbili anunue cha inchi 2, mradi adapta yake iwe na hesi ya kukipokea.