Kuchangia Sanaa ya Kasri la Ufaransa Ukiwa Mbali: Tathmini ya Huduma Niliyoitumia kwa Miaka Mitatu

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikituma mchango kwa kikundi cha watu wa kujitolea wanaoishi nje ya Ufaransa, ambao huchangisha fedha kwa ajili ya dari zilizopambwa kwa michoro katika kasri moja la familia kwenye bonde la mto Loire. Ninamwandikia msomaji anayefikiria kutoa fedha zake kwa kazi ya namna hii na ambaye, kama nilivyokuwa mimi, hana njia rahisi ya kujua zinafikia wapi. Ninakiunga mkono kikundi hiki, ingawa ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwa nini kinastahili kuungwa mkono.

Barua ya kwanza niliyoipokea ilikuwa na picha ya boriti moja ya karne ya 17, iliyochorwa maua, ndege na herufi za majina ya wenye nyumba wa zamani, na rangi yake ilikuwa imeinuka na kujikunja kama magamba ya samaki. Nilituma euro 40 siku hiyohiyo, nikiamini kwamba zingemlipa mtu mwenye brashi. Taarifa ya nusu mwaka ilipofika, ilieleza kwamba fedha zote za msimu ule zilitumika kununua vigae vya sleti na kutengeneza mifereji ya maji ya mvua upande wa kaskazini wa paa. Nilihisi nimedanganywa. Niliomba maelezo kwa maneno makali ambayo leo ninayajutia, na mweka hazina, ambaye naye hujitolea baada ya saa zake za kazi, alinijibu kwa kurasa mbili.

Majibu yake ndiyo sababu ya mimi kuendelea kuchangia. Makasri mengi ya bonde la Loire yamejengwa kwa tuffeau, jiwe la chokaa jeupe, laini na jepesi kuchongwa, ambalo hunywa maji kama sifongo. Mfereji ukiziba, maji huingia ukutani, na kutoka ukutani huingia kwenye ncha za boriti zilizopachikwa humo. Mbao hufura wakati wa unyevu na husinyaa wakati wa ukame, lakini tabaka la rangi na chokaa lililo juu yake, likiwa na umri wa zaidi ya miaka 300, limeshapoteza uwezo wa kufuata mwendo huo, hivyo hupasuka na kubanduka. Fundi akirudishia rangi hiyo mahali pake huku paa bado linavuja, atakuwa amefanya kazi ya kurudiwa baada ya majira machache ya baridi, na kila kurudia kunapoteza sehemu ya mchoro wa asili. Hapa ufa usipozibwa hakuna ukuta mpya wa kujenga, kwa kuwa mkono uliochora ndege wale haupo tena.

Mpangilio huo wa kuanza na paa si wa kikundi hiki peke yake. John D. Rockefeller Jr., tajiri wa Marekani, baada ya kuona hali ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa kufuatia Vita vya Kwanza vya Dunia, alitoa dola milioni 1 mwaka 1924 kwa ajili ya makasri ya kifalme ya Versailles na Fontainebleau na kanisa kuu la Reims, kisha akaongeza dola milioni 1.85 mwaka 1927. Mgeni anayesimama Versailles akitazama vioo na michoro ya dari hawezi kukisia kwamba sehemu kubwa ya fedha zile ilikwenda kwenye mapaa, na huko Reims zilisaidia kujenga upya paa lililoteketea mwaka 1914. Mfadhili aliyekuwa na uwezo wa kudai jina lake liandikwe kwenye kitu cha kupendeza alikubali kulipia mahali pasipoonekana. Tangu nilipolijua hilo, sijaona aibu kwamba euro zangu 40 ziligeuka sleti.

Katika mwaka wa pili kazi ya michoro ilianza, na nilifunga safari kwenda kuiona, kwa kuwa kikundi huwaruhusu wachangiaji wa kiwango chochote kupanda kwenye jukwaa la mafundi siku moja kwa mwaka. Hii ndiyo huduma yao bora kuliko zote. Tulioneshwa jinsi vipande vilivyolegea vinavyoshikizwa kwanza kwa karatasi nyembamba ya Kijapani ili visidondoke, kisha gundi dhaifu inavyopenyezwa chini ya kila gamba na kubonyezwa polepole kwa joto dogo. Mtaalamu alituonesha kijidirisha cha majaribio, mraba mdogo kuliko kiganja, ambamo vanishi iliyogeuka manjano na rangi iliyopakwa na mafundi wa baadaye vilikuwa vimeondolewa. Ndani yake kulikuwa na buluu kali isiyofanana hata kidogo na kijani kilichofifia cha pande zake. Nilikaa chini ya mraba ule kwa muda mrefu kuliko wenzangu wote. Pale ambapo mchoro umepotea kabisa, wataalamu hawabuni maua mapya: hujaza pengo kwa mistari midogo ya rangi ambayo ukiwa sakafuni huiona kama mchoro kamili, lakini ukisogea huitambua kuwa ni kazi ya leo, na inaweza kufutwa bila kudhuru kilicho chini yake.

Usalama mwingine wa mchangiaji unatokana na sheria. Jengo lililoorodheshwa kuwa urithi wa kihistoria chini ya sheria ya tarehe 31 Desemba 1913 haliguswi kwa matakwa ya mwenyewe tu. Kazi huhitaji idhini ya Serikali na husimamiwa kitaalamu. Nilipouliza, nilitumiwa nakala ya idhini hiyo pamoja na ankara za fundi wa paa. Ningemshauri kila mtu aombe karatasi hizo mbili kabla ya kutoa mchango wa pili, kwa kikundi chochote kile.

Kasoro zipo, na kubwa ni ya stakabadhi za kodi. Ukurasa wa kuchangia ulisema kwa herufi kubwa kwamba mchango hupunguziwa kodi kwa asilimia 66. Hilo ni kweli kwa mtu binafsi anayelipa kodi ya mapato Ufaransa, hadi kiwango cha asilimia 20 ya mapato yake yanayotozwa kodi, ambapo euro 100 humgharimu euro 34 tu. Sisi tulio nje hatupati chochote kutokana na kanuni hiyo, isipokuwa pawepo chombo cha hisani kinachotambuliwa katika nchi tunakolipa kodi. Kikundi kinachowalenga watu wa ng'ambo hakikupaswa kuliacha jambo hilo kwenye maandishi madogo ya chini. Walirekebisha maneno hayo baada ya malalamiko yetu, lakini walichelewa mno. Ada za benki za kubadilisha fedha nazo humeza mchango mdogo, kwa hiyo ni afadhali kutuma mara moja kwa mwaka kuliko kila mwezi.

Rafiki zangu huniuliza kwa nini nilipie dari la familia yenye kasri. Swali ni halali, na jibu langu linategemea mlango: kasri hili hufunguliwa kwa umma, na vyumba vyenye michoro ni sehemu ya ziara ya kawaida. Kasri la Vaux-le-Vicomte, ambalo dari zake zilichorwa na Charles Le Brun kwa ajili ya Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha wa mfalme Louis XIV, nalo bado ni mali ya familia na liko wazi kwa wageni tangu 1968. Anayetaka kumiliki anachokichangia ana njia nyingine: mwaka 2017 zaidi ya watu 18,000 kutoka nchi zaidi ya 100 walichanga euro milioni 1.6 kuokoa magofu ya kasri la La Mothe-Chandeniers, yaliyoungua mwaka 1932, na wakawa wanahisa wake. Mimi sihitaji hisa. Kasri lingefungwa kwa wageni, ningeacha kuchangia siku hiyo.

Mwaka huu fomu imeongezewa mahali pa kuchagua matumizi: michoro, au matunzo ya kila mwaka, yaani kusafisha mifereji kila vuli na kukagua vipima unyevu vilivyowekwa ndani ya vyumba. Mweka hazina aliniambia kwamba karibu kila mtu huchagua michoro. Mimi nimeweka alama kwenye mifereji.