Maabara ya kupima damu kuganda hapa Tanga, naipa nyota tatu

Ni maabara binafsi, iko Ngamiani, jina naliacha. Nilimpeleka mwanangu wa miaka sita, katahiriwa siku ya tatu damu bado inachuruzika tu, mamaangu akasema huyu kamrithi mjomba wake, maana kaka yangu naye alisumbua hivohivo jandoni. Mi nkaona maneno ya wazee, kumbe bibi alishamaliza udaktari, hemofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, inapitia kwa mama na wanaoumwa wengi ni wa kiume.

Siku ya kwanza mapokezi safi, feni inazunguka, ila kijana aliyetoa damu kaijaza nusu ile chupa ya kifuniko cha bluu. Majibu PT iko juu, APTT iko juu, yaani vile vipimo viwili vya muda damu inaochukua kuganda. Daktari aliyetuandikia akaguna, akauliza chupa ilijaa mpaka mstarini? Kumbe mle ndani mna dawa ya sitreti, inataka damu 9 kwa dawa 1, damu ikipungua dawa inazidi nguvu na hata mtu mzima wa afya anaonekana damu yake inachelewa kuganda. Nkarudi nimejifunga kibwebwe kugombana, lakini mama mmoja wa zamu ya asubuhi wala hakubisha, akatoa upya bure, akajaza mpaka mstarini, akaipinduapindua taratibu bila kuitikisa, akakandamiza pamba mkononi mwa mtoto dakika kumi nzima anamhadithia habari za sungura. Safari hii PT sawa, APTT ndo ndefu. Nyota zote tatu za huyo mama.

Kilichonikera ni kipimo cha fakta, zile protini za kugandisha damu. Hapo hawana, wanatuma Dar, kijana wa mapokezi ananambia usijali mama tunapakia basi la saa nne. We! Basi mpaka Dar masaa matano sita huko, na damu hiyo inatakiwa ipimwe ndani ya masaa manne, la sivyo waitenganishe ile plazma, yaani maji ya damu, waigandishe iwe jiwe isafiri na barafu, nkamuuliza barafu mnayo, akacheka. Nkambeba mtoto mwenyewe mpaka Muhimbili, fakta 8 ikatoka asilimia 4, wanasema ni ya kati, siyo kali kabisa. Wadogo zangu wa kike nao wameambiwa wapime kabla hawajazaa.

Kwa kipimo cha mwanzo nendeni tu, ila asubuhi, na chupa muiangalie kwa macho yenu.