Tiketi ya Pemba: meli kongwe au boti mpya?

Ukiuliza pale bandari ya Malindi, Unguja, upande nini kwenda Pemba, jibu linakuja kwa saa. Boti ya kasi inakutia Mkoani, bandari ya Pemba, kwa saa mbili na nusu au tatu. Meli inataka tano, sita, na siku nyengine inazidi. Kwa hesabu hiyo mwongozo huu hauna kazi, kata tiketi ya boti uondoke.

Lakini hesabu hiyo inamfaa kijana aliye peke yake, na begi moja la mgongoni, mwezi wa Machi upepo umelala. Wengi tunaokwenda Pemba si huyo. Tunakwenda na mama mwenye magoti, watoto watatu, boksi la vyombo vya harusi na godoro lililofungwa kamba, na tunakwenda wakati kila mtu anakwenda: Idi, au skuli zimefungwa. Msafiri huyo ndiye niliyempangia orodha hii, akitokea Unguja mjini.

Ya kwanza: meli kubwa ya magari

Nakusudia meli za mtindo wa Azam Sealink: chuma kitupu, mwili mmoja, mlango mkubwa wa nyuma unaolazwa gatini magari yakaingia, na abiria ghorofa za juu. Meli za mtindo huu zinazofika katika bahari zetu mara nyingi hununuliwa zikiwa zimeshachapa kazi kwengine, kwa hiyo usitarajie kuona kitu kinachong'aa. Utaona rangi juu ya rangi, na pengine kibao cha ukutani chenye maandishi ya lugha ambayo hakuna hata mmoja melini anayeisoma.

Naiweka juu kwa sababu ya kipande kimoja cha njia. Kutoka Malindi hadi Nungwi unakwenda kisiwa kikiwa mkono wako wa kulia, kinakukinga. Ukishaipita rasi ya Nungwi, kinga imekwisha: mbele yako ni mkondo ulio wazi mpaka Mkoani. Watu wanaosema "safari ilikuwa nzuri, ghafla bahari ikachafuka" wanazungumzia hapo. Bahari haikubadilika ghafla, wao ndio waliotoka kivulini.

Boti ya kasi ni katamarani, yaani ina miili miwili myembamba iliyoungwa juu, na kwa kawaida ni ya aluminiamu ili iwe nyepesi. Wepesi huo ndio unaoipa mbio, na ndio unaoifanya irushwe. Mawimbi yakiwa makubwa inapiga kwa mishtuko mifupi mifupi, juu chini, kushoto kulia, na tumbo halipati nafasi ya kujipanga. Meli ya chuma iliyopakia malori na saruji chini inayumba vilevile, tena wimbi la ubavuni huilaza zaidi kuliko katamarani, lakini inayumba pole pole. Mtu mzima anapata muda wa kushika kitu.

Kisha kuna hewa. Ndani ya boti ya kasi madirisha hayafunguki, kiyoyozi kinazunguka, na abiria wa kwanza akishatapika, harufu inawafuata wote waliokuwa wakijikaza. Kwenye meli kongwe unatoka nje, unashika chuma, unatazama pale mbingu na maji vinapokutana. Kutazama mstari huo kunasaidia kweli: kichefuchefu kinakuja pale sikio linapohisi mwendo ambao jicho halioni.

Na kuna nafasi, jambo ambalo wauza tiketi hawalitaji kabisa. Meli zilizojengwa zamani zilijengwa na watu walioamini kuwa abiria atatembea. Kuna varanda za nje, kuna pembe za kutandika mkeka, watoto wanalala, wanawake wanafungua vipolo vyao, na adhuhuri ikiingia mnapata pa kusali bila kumrukia mtu. Waliopanda Flying Horse zama zile, ile iliyokuwa ikitoka Unguja usiku na kuwafikisha Dar alfajiri watu wakiwa wamejinyoosha juu ya magodoro, hawahitaji kuelezwa. Boti mpya ni safu za viti. Umekaa, umekaa.

Mizigo nayo. Kwenye boti ya kasi begi na boksi vinapita, ila friji, baiskeli na gunia la mchele vitakutia kwenye mabishano na watu wa mizigo. Kwenye meli ya magari hivyo ndivyo vitu vya kawaida. Angalizo kwa wanaorudi: karafuu usizibebe kama zawadi ya gunia. Ununuzi wake uko mikononi mwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na kuzisafirisha kwa njia zako ni magendo hata kama zimetoka shambani kwa babu yako.

Ubaya wake? Vyoo, kwanza. Beba sabuni na maji yako. Moshi wa dizeli ukikaa upande wa nyuma chini ya upepo. Kuchelewa kuondoka kwa sababu lori moja halijaingia sawa. Viti vilivyopasuka. Mende, siku nyengine. Na ukifika Mkoani jioni, gari za kwenda mji wa Wete zimepungua na madereva wanajua kuwa umechoka. Pamoja na yote hayo nauli huwa nafuu kuliko ya boti, na mama anashuka akiwa anazungumza.

Habari ya umri

Hapa lazima nitue, kwa sababu Mzanzibari hawezi kusifia meli kongwe bila kusikia jina moja kichwani. MV Spice Islander I ilijengwa Ugiriki mwaka 1967. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama ikielekea Pemba, karibu na Nungwi, kwenye mkondo huohuo niliousema. Ilikuwa na umri wa miaka 44. Lakini kilichoizamisha ni kubebeshwa watu na mizigo kupita mno uwezo wake. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe ikitokea Dar. Hiyo ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyozungukwa na nchi kavu katika jimbo la Washington, nasi tukaipeleka katikati ya kusi, upepo mkali wa kusini. Moja kongwe, moja ya umri wa kati. Swali lililowahusu abiria wa zote mbili lilikuwa: imebeba kiasi gani, na ilijengwa kwa bahari gani?

Upande wa pili, Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilizamishwa makusudi na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na ikaendelea kubeba abiria hadi karne hii. Karakana iliyoijenga, Meyer, leo inatengeneza meli za kitalii zenye ghorofa nyingi kuliko majengo ya Michenzani. Chuma kinachotunzwa kinaishi.

Basi usiulize umri tu. Kabla ya kupanda, simama gatini uangalie ubavu wa meli. Kuna duara lililokatwa katikati na mstari, na pembeni yake vistari vyenye herufi. Mstari wa T ni wa maji ya joto kama yetu. Maji yakiwa yameufunika, meli imepakia kupita kiasi, na wewe bado uko nchi kavu. Tazama pia kama meli imelala upande mmoja ikiwa bado imefungwa.

Ukitaka kujua alikotoka mzee huyo, tafuta namba ya IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, tarakimu saba, kwa kawaida zimechorwa nyuma au ubavuni. Meli hubadilishwa jina na rangi, namba hiyo haibadiliki. Iandike kwenye intaneti, mwaka wa kujengwa na majina ya zamani yatatoka. Cheti cha usalama na idadi ya abiria inayoruhusiwa hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Zanzibar. Abiria ana haki ya kuuliza idadi hiyo, na mabaharia wazuri hawakasiriki. Ndani, tafuta yalipo majaketi ya kuokolea kabla hujatafuta soketi ya kuchajia simu.

Na tiketi iwe na jina lako, umeikata dirishani kwa kitambulisho. Anayekuuzia tiketi ya jina la mtu mwengine nje ya geti kwa bei ya kuruka anakutoa kwenye orodha ya abiria. Siku ya heri hutaona tofauti.

Ya pili: boti ya kasi

Sikuiweka ya pili kwa ubaya. Boti za Kilimanjaro zinazojengwa Australia, na za Zan Fast Ferries zilizokuja baadaye, zimebadilisha maisha ya watu. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, mtu wa mkutano, mfanyabiashara anayetaka kugeuza siku ileile: hawa wakate boti bila kufikiri. Mwezi wa Machi, pepo zinapopishana na bahari kutulia, hata mama mwenye magoti atafurahi.

Ila jihadhari na kiti cha bei kubwa. Juu na mbele ndipo boti inapopanda na kushuka zaidi, na mara nyingi huko ndiko kuliko na viti vipana vya watu wa heshima. Unalipa zaidi ili utapike kwenye kiti cha ngozi. Bahari ikiwa mbaya, daraja la kawaida, chini, kuanzia katikati kurudi nyuma, ndiko kwenye utulivu. Fika mapema ukalishike.

Mtoto asile chipsi na soda gatini. Mkate mkavu unatosha, na dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kung'oa nanga, si Nungwi.

Ya tatu: MV Mapinduzi II

Kwa karatasi, hii ingekuwa ya kwanza. Ilijengwa Korea Kusini kwa fedha za Serikali ya Mapinduzi, ikafika mwishoni mwa 2015, ina nafasi ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Ukubwa wa wastani, mwili mmoja, na haijawahi kuwa ya mtu mwengine. Anayeipenda meli kongwe kwa ajili ya nafasi na uzito ataupata uzito huo hapa bila mende. Lakini meli ni ile inayoondoka siku unayotaka kuondoka. Pita Shirika la Meli, uliza kama iko kazini wiki hiyo. Jibu likiwa ndiyo, ihamishe ya pili, na mwezi wa Julai ihamishe ya kwanza.

Ya nne: ndege

Nusu saa tu, kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume hadi uwanja wa Pemba karibu na Chake Chake. Ndege zenyewe mara nyingi ni ndogo za injini moja za watu kumi na kitu, na mzigo huwekewa kikomo cha kilo 15 hivi, tena begi laini. Godoro la harusi lisahau. Kwa mgonjwa mahututi au mazishi ya leo, hakuna mjadala. Kwa familia ya watu watano, nauli hiyo ni ada ya skuli.

Ya tano: jahazi

Majahazi na mashua za mashine zinatoka Mkokotoni na Nungwi kwenda Pemba. Ni vyombo vya mizigo na vya wavuvi. Nahodha anaijua bahari kuliko wewe na mimi, hilo halina shaka, lakini hakuna orodha ya abiria wala jaketi la kila mtu. Peleka mbao zako huko, wewe panda chengine.

Kununua kwenda na kurudi

Wauzaji wanapenda ukate tiketi mbili pamoja, chombo kilekile. Usifanye hivyo. Pemba iko kaskazini mashariki ya Unguja, kwa hiyo upepo haukutendei sawa njia zote mbili. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, ukienda Pemba mawimbi yanakusukuma kwa nyuma, na boti ya kasi inavumilika. Kurudi ndiko kunakoumiza, unayala usoni kuanzia Mkoani mpaka uifikie kinga ya Nungwi. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari, mambo yanageuka: kwenda ndiko kugumu, kurudi ni mteremko. Kwa hiyo Julai nenda na boti urudi na meli. Januari nenda na meli, na mizigo yote ya harusi uitie humo, kisha urudi na boti ya asubuhi mikono mitupu. Tiketi za Idi zikatwe mapema, zote mbili, kwa sababu wiki ile hakuna anayechagua.