Data za bahari za bure: nimezitumia kaskazi nzima, hii ndo hukumu yangu

Mama mdogo wangu analima mwani huku kusini mashariki mwa Unguja, na kaskazi iliyopita alinitupia swali likanikosesha usingizi, eti wewe mwenye kompyuta huwezi kunijulisha maji yatakuwa moto lini ili niwahi kuvuna? Mwaka wa juzi mwani wake uligeuka mweupe kama umemwagiwa jiki, ukakatika kamba nzima ndani ya siku chache, kwa hiyo swali lilikuwa na uchungu wake. Nikamjibu naweza. Yani hata sijafikiri.

Nikaanza na ofisi moja, kama mtu mwenye adabu zake. Nikaambiwa niandike barua, barua ipitie kwa mkuu wangu wa kazi (mkuu gani, mi natengeneza simu barazani), ieleze data nataka za nini, kisha nisubiri. Nikasubiri wiki tatu, nikarudi, mhusika yuko semina. Sitaitaja ofisi maana najua ndo kawaida ya kwingi tu. Ndo nikaingia mtandaoni, na huko kumbe data zimemwagwa bure kama dagaa wa msimu, shida ni kujua uzoe zipi.

Sijalipwa na mtu, nimetumia simu ya kawaida na laptopu ya kuazima, na bando la kuungaunga.

Ya kwanza niliyoipenda na naipenda mpaka leo ni ukurasa wa vipimo vya maji wa IOC, yani ile tume ya bahari ya UNESCO, mtambo wake unaendeshwa na taasisi ya VLIZ kule Ubelgiji. Unafungua ramani ya dunia, vidoti vimejaa pwani zote, unabonyeza Zanzibar au Mombasa unaletewa mstari wa maji yakijaa na kupwa, unaweza kuutazama wa nusu siku, siku nzima, wiki au mwezi. Hakuna kujisajili, hakuna neno la siri, na ukurasa mwepesi, hata mtandao ukisuasua unafunguka. Ukiweka mwezi mzima ndo utamu, unaona bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) yanapokezana, mstari unanenepa unakonda unanenepa tena, yale wazee wanayoyahesabu kwa vidole kwa kufuata mwandamo wa mwezi unayaona kwa jicho. Nilimwonesha babu mmoja mvuvi, akaangaliaa, kimya, halafu akasema "sasa hawa wamechora nnachokijua." Haya babu.

Ila urefu wa maji unaouona pale usiulinganishe na kitabu cha kujaa na kupwa cha bandari, grafu inakupa tofauti kutoka wastani wa kipindi ulichochagua wewe, ndo maana kuna namba za hasi.

Na saa. Jamani saa. Kila kitu kimeandikwa kwa saa za dunia, zile za UTC, na mi sikusoma yale maandishi madogo ya chini. Nikaona jana yake maji yalikuwa chini kabisa 07:00, mi kwangu saba ya simu ni saa moja asubuhi, na najua kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, basi saa mbili kasoro nipo pwani na ndoo na kipimajoto, maji ya kifua! Nikakaa kwenye ngalawa iliyoegeshwa nikayasubiri. Mama mdogo kaja zake taratibu kwenye saa nne hivi na wenzake, ananikuta nimeshaungua jua. "Mwanangu, bamvua hili, maji si hutoka saa nne saa tano, nani kakwambia saa moja?" Nikamwambia mtandao. Wamecheka wale kinamama mpaka leo wananiita Mtandao.

Baadae nikagundua njia ya mkato ambayo sijaiona imeandikwa popote, labda kwa sababu ni sisi tu tunaoihitaji. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, lakini saa yetu ya Kiswahili iko nyuma ya saa ya simu kwa sita, kwa hiyo ukiona saa ya UTC we toa tatu tu, umepata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 07:00 toa tatu, saa nne. Imeisha hiyo.

Ukitaka ya zamani nenda Chuo Kikuu cha Hawaii, wana kituo chao cha usawa wa bahari, UHSLC, Zanzibar iko tangu 1984 na Mombasa tangu 1986, saa kwa saa, unashusha faili la CSV unalifungua kwenye jedwali la kawaida, urefu umeandikwa kwa milimita. Kuna matoleo mawili, moja la haraka na jingine lililokaguliwa vizuri zaidi, la pili linachelewa ila ndo la kuaminika. Angalizo: pale kipimo kilipokosa kusoma wameweka -32767. Mi nikapiga wastani bila kuangalia, bahari ya Zanzibar ikatoka imekauka mita kadhaa chini ya ardhi, nikaogopa, nikadhani nimegundua kitu. Futa hizo namba kwanza ndo upige hesabu.

Sasa joto, maana ndo swali lenyewe. Hapa nimehangaika na mbili.

Copernicus Marine, ya Umoja wa Ulaya, inaendeshwa na Mercator Ocean pale Toulouse, Ufaransa. Uwezo wake ni mkubwa mno, sijui nisemeje, joto, chumvi, mikondo, mawimbi, ukijani wa maji, na sio ya leo tu, inakupa na utabiri wa siku 10 mbele. Ramani yao ya MyOcean inapendeza, unabonyeza nukta moja baharini unapata grafu yake. Kwa simu lakini inalemea, kwenye simu yangu ilikuwa inazunguka tu, tumia laptopu. Na kushusha mafaili lazima ufungue akaunti, bure, ila akili iwe kichwani: mi siku ya kwanza nilichagua Bahari ya Hindi nzima, juu mpaka chini kabisa, miaka kadhaa, nikabonyeza nikaenda kuswali alasiri, narudi bando la wiki limeteketea na faili lenyewe halijafika nusu. Kosa langu, sio lao, pale pale kuna mahali pa kukata kipande unachotaka, chora kisanduku kidogo cha kwenu, chagua tabaka la juu tu, faili linakuwa dogo kama picha. Faili lenyewe ni NetCDF, jedwali la kawaida halilifungui, mi natumia Panoply ya NASA, nayo bure.

Ya pili ni Coral Reef Watch ya NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani. Hii wameitengeneza kwa ajili ya matumbawe, sio mwani, lakini kwa mtu wa kawaida ndo inasomeka kirahisi kuliko zote kwa sababu ni rangi. Bluu hamna shida, njano kaa macho, chungwa onyo, nyekundu hatari. Wanachofanya ni kujumlisha joto lililozidi wiki hadi wiki, kama deni la dukani, likifika 4 kwenye kipimo chao matumbawe yanaanza kupauka, likifika 8 yanaanza kufa. Inabadilika kila siku, na kumbukumbu zao zinarudi mpaka 1985, kwa hiyo unaweza kurudi 1998 na 2016 ukaona pwani yetu ilivyowaka, miaka ambayo wazamiaji wanaikumbuka vizuri tu. Aprili 2024 hao hao ndo walitangaza kwamba dunia imeingia kwenye kupauka kwa matumbawe kwa mara ya nne.

Lakini sikia, hapa ndo pa kukaa macho na ndo sababu nimeandika haya yote. Copernicus ule utabiri wa dunia nzima umegawa bahari visanduku vya kama kilomita 9, Coral Reef Watch kilomita 5. Huku kwetu kutoka ufukweni mpaka kwenye mwamba ambapo mawimbi yanapasukia, sehemu nyingi hapazidi kilomita mbili. Shamba la mama mdogo lipo ndani humo. Maana yake kisanduku kinachosema nyuzi 29 kinasema habari za maji ya nje, ya kina, yanayotembea, sio ile beseni ya maji ya magotini inayopigwa na jua bamvua likitoka saa nne mpaka saa saba mchana. Na zaidi ya hapo lile joto la Coral Reef Watch ni la usiku, wamechukua usiku makusudi ili jua la mchana lisiwavuruge, kwa matumbawe ni akili nzuri, kwa mwani ndo unakosa kile kile kinachouua. Mi nimetumbukiza kipimajoto mchana shambani nikapata 33 na ushee siku ambayo ramani ilikuwa bluu imetulia kabisa. Ramani haijadanganya. Ni sisi tunaiuliza swali sio lake.

Basi nikawa nachanganya. Ramani ikianza njano, na mwezi uko kwenye bamvua, na upepo umekufa (upepo naangalia kwenye Windy kama kila mtu), nampigia mama mdogo namwambia vuna spinosumu (aina ya mwani anaolima) usingoje. Kotoni, ile aina nyingine, simwambii kitu, alishaacha kuilima maji ya karibu, haivumilii joto. Kaskazi hii nimempigia mara mbili. Ya kwanza ilikuwa kweli, wenzake waliochelewa walipoteza. Ya pili alivuna nusu nzima, kesho yake mawingu, mvua, maji yakapoa, mwani ukawa mwepesi sokoni kwa sababu haujakomaa, na kilo ndo hela. Hajanilaumu. Ila siku hizi nikipiga ananiuliza kwanza "una hakika au ni Mtandao?"

Nyingine nazipitia fasta. Global Fishing Watch inaonesha meli za uvuvi, nzuri kuona yanayoendelea bahari kuu, ila inategemea zaidi vile vifaa vya AIS vinavyotangaza meli ilipo, sasa ngalawa na mashua zetu hazina, ukiangalia ramani utadhani Unguja hakuna anayevua. Allen Coral Atlas ni ramani ya matumbawe, majani ya bahari na mchanga kwa maji ya kina kifupi, dunia nzima waliimaliza 2021, nimeipenda kwa sababu inaonesha mpaka huku ndani ya mwamba, ila ni ramani ya vilivyopo chini, usiitegemee kwa habari za leo asubuhi. Picha za satelaiti za Sentinel-2 unaziona bure kwenye Copernicus Browser, mita 10, karibu kila siku tano, wingu likikubali, na Aprili kwetu wingu halikubali.

Upande wa kutoa data, hapo ndo nyota zinapungua. Kuchukua ni rahisi, kutoa mtihani. Mi nina daftari la joto la miezi minne, asubuhi na mchana, sehemu tatu. Nipeleke wapi? Hifadhi kubwa zipo, zinapokea, lakini zimeandaliwa kwa wenye vyuo, zinataka majina ya safu za kitaalamu, aina ya kifaa, kimepimwa na nini, na haki wanayo maana data bila maelezo ni namba tu, lakini fundi simu wa barazani anaishia mlangoni. Ukiwa na picha za viumbe una nafuu, iNaturalist unapiga picha hata pasipo mtandao, ukifika nyumbani inapanda, watu wanakusaidia jina, wakikubaliana na leseni yako inaruhusu inaenda mpaka GBIF, hifadhi ya data za viumbe, ambako watafiti wa dunia nzima wanachukua. Nimepandisha kombe, tango bahari, na kasa mmoja.

Kwa kasa nilipata hofu, nikawaza nimewaonesha majangili. Kumbe kwa viumbe walio hatarini wanaficha mahali halisi, wanakitawanya kidoti kwenye eneo pana. Vizuri sana hiyo. Lakini pweza hafichwi, na huku kwetu mwamba wa pweza una mwenyewe, kuna bibi alinionesha shimo lake la pweza alilorithi kwa mama yake, nikapiga picha, nilipomwambia naiweka mtandaoni akanikazia macho "weka pweza, shimo usiweke." Kuna kitufe cha kuficha mahali, kipo pale unapojaza eneo, nimekitumia, na nyie kitumieni kabla ya kuwaanika bibi zenu.

Lugha, Kiswahili sijakiona kwenye zile kurasa za maji na joto nilizotumia, hilo linaniuma kwa sababu rangi nne zile zingeandikwa Kiswahili mama mdogo asingenihitaji mimi.

Nyota: vipimo vya maji vya IOC 5 kati ya 5, wepesi wake peke yake unatosha. UHSLC 4. Coral Reef Watch 4, ukishajua inaangalia nje na usiku. Copernicus 4 kwa laptopu, 2 kwa simu. iNaturalist 4. Kipimajoto changu cha dukani kingepata 5 lakini juzi kamba imekatika kimezama na bamvua likaondoka nacho, kwa hiyo anayejua duka mjini linalouza cha kuingia majini kwa bei ya kibinadamu anishtue kabla kaskazi haijarudi.