Tahadhari kwa wenye steshenari na ofisi Mbeya: inveta ya "wati 2000" na kiboksi cha "kurekebisha pawa fakta"

Ndugu wafanyabiashara wa Mbeya mjini, Uyole, Mbalizi na Tukuyu, hasa ninyi wenye steshenari na ofisi ndogo zinazotegemea kompyuta za mezani: kuna muuzaji anayepita duka kwa duka akiuza vifaa vya umeme wa akiba, na vifaa hivyo vinaishia kwenye meza yangu ya ufundi. Simtaji jina, kwa kuwa bidhaa zilezile sasa zimeanza kuuzwa na wengine pia, na anayejua mbinu atamtambua yeyote kati yao.

Anachouza ni vitu viwili. Cha kwanza ni inveta yenye betri ndani, ambayo lebo yake inasema wati 2000. Cha pili hutolewa mteja anaporudi kulalamika: ni kiboksi cheupe cha plastiki cha kuchomeka kwenye soketi, chenye taa ya kijani, kinachodaiwa kurekebisha pawa fakta na kupunguza matumizi ya umeme.

Nianze na lebo. Inveta mojawapo niliyoletewa ilikuwa na lebo iliyobandikwa juu ya nyingine, na nilipoibandua taratibu kwa hewa ya moto, maandishi ya kiwandani yalionekana chini yake: 1200VA/720W. Ndani kulikuwa na betri mbili ndogo za volti 12, kila moja ampea-saa 7. Kwa hesabu ya karatasi, hizo ni wati-saa 168 tu. Kompyuta mbili na skrini zake zikila wati 300 kwa pamoja zingemaliza nishati hiyo kwa muda wa nusu saa hivi, na kwa kuwa betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi hutoa pungufu ya kilichoandikwa, kwa uhalisia utapata robo saa au zaidi kidogo. Muuzaji alikuwa ameahidi saa tatu.

Hata bila lebo ya kughushi, namba kubwa ya VA huwachanganya wengi. VA ni volti mara ampea zinazopita kwenye waya. Wati ni kiasi kinachofanya kazi kweli. Na uwiano wa wati kwa VA ndio pawa fakta. Kompyuta ya zamani isiyo na marekebisho, yenye pawa fakta ya 0.65, ikila wati 250 inaibebesha inveta takriban VA 385, ilhali yenye saketi hai ya marekebisho, kwa pawa fakta ya 0.97, inaibebesha takriban VA 258 kwa kazi ileile. Kwa hiyo marekebisho ya pawa fakta ni jambo la kweli na lina faida kwenye umeme wa akiba, ila mahali pake ni ndani ya pawa saplai yenyewe, yaani kile kisanduku cha ndani kinachoilisha kompyuta umeme.

Sasa njoo kwenye ujanja wenyewe. Muuzaji huyu hufanya jaribio mbele ya mteja: anachomoa waya wa ukutani, balbu ya nyuzi inaendelea kuwaka, chaja ya simu inaendelea kuchaji, na mteja anatoa fedha. Balbu ya nyuzi haijali umbo la umeme unaoipata, hivyo jaribio hilo halithibitishi chochote kuhusu kompyuta. Inveta zake hazitoi wimbi laini kama la TANESCO, ingawa boksi linadai hivyo. Nilipozipima kwa osiloskopu, kifaa kinachoonyesha umbo la umeme kwenye skrini, niliona wimbi la ngazi, yaani volti inaruka ghafla, inakaa, inashuka hadi sifuri na kutulia hapo kabla ya kugeukia upande wa pili. Pawa saplai yenye saketi hai hufuatilia umbo la volti inayoingia ili ivute mkondo unaofanana nalo, huku ikipandisha volti hadi karibu 400 za mkondo mnyoofu (DC). Ikikutana na ngazi, baadhi huvumilia, nyingine huvuta mkondo kwa mishtuko mpaka inveta inalia na kujizima, au kompyuta inazima papo hapo umeme unapokatika. Ulaya imeweka mipaka ya mkondo mchafu, yaani usiofuata umbo la wimbi la volti, kwa vifaa vinavyozidi wati 75 tangu 2001, kwa hiyo kompyuta nyingi zilizotumika zinazotoka huko zina marekebisho ya aina fulani.

Mteja akirudi, anaambiwa kompyuta yake ndiyo mbovu, na anauziwa kile kiboksi. Nimekifungua: kapasita moja (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji), vipinzani viwili vitatu na taa. Kapasita husaidia pale mkondo unapochelewa nyuma ya volti, kama kwenye mota ya mashine ya kusaga. Kompyuta ya zamani haina tatizo hilo. Yenyewe huvuta mkondo kwa vipande vifupi kwenye kilele cha wimbi, na kapasita haiwezi kuuziba ubovu huo. Kompyuta mpya tayari imejirekebisha. Kibaya zaidi, kapasita ikiwekwa kwenye wimbi la ngazi hufyonza mkondo mkali kila volti inaporuka, nayo transista za inveta, yaani swichi zake za kielektroniki, hupata joto hadi kuungua. Aliyekwisha kukinunua akichomoe leo.

Kuhusu kupunguza bili, mita ya LUKU ya nyumbani au ya duka dogo huhesabu yuniti za kilowati-saa, haihesabu VA. Wanaotozwa pia kwa kVA (VA elfu moja) ni wateja wakubwa wa madaraja ya T2 na T3, na hao hufungiwa kapasita zilizokokotolewa na fundi kwa mzigo wao.

Kabla ya kununua inveta au UPS kwa yeyote, beba kompyuta yako mwenyewe dukani, ifungulie kazi nzito, kisha chomoa waya wa inveta ukutani mara kadhaa na uache ifanye kazi kwa betri. Printa ya leza usiichomeke kabisa kwenye kifaa kidogo cha aina hii, kwa sababu hita yake huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. Dai risiti ya EFD inayotaja wati, VA na aina ya wimbi. Muuzaji anayekataa kuandika "wimbi laini" kwenye risiti ameshakujibu. Waliokwisha kuibiwa watunze lebo, boksi na ujumbe wa malipo ya simu, wapeleke malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) na TBS.

Na tafadhali msizifungue inveta wala pawa saplai wenyewe kutafuta lebo ya pili au kuhesabu betri. Kapasita kubwa iliyomo ndani ya pawa saplai inaweza kubaki na volti zinazokaribia 400 hata baada ya kuchomolewa ukutani.