Fundi aliyeniambia masikio yangu ndiyo mabovu

Nianze na lililoniuma zaidi. Jumatatu asubuhi nilimrudishia fundi gitaa langu, sijalala vizuri, nikamwambia kwa heshima zote, "Kaka, hii pikapu nikiiweka kamili inavuma, na sauti imekonda." (Pikapu ni kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa.) Hakuinua hata uso. Alikuwa anakula rolex, chapati yetu ya kuviringishia mayai. Akafuta mafuta ya vidole kwenye suruali, akavuta maltimita ya kupimia umeme, akagusisha ncha zake kwenye tundu la waya wa gitaa, akanigeuzia kioo: ukinzani wa karibu kilo-omu 8. "Unaona? Nzima. Masikio yako ndiyo mabovu, mkubwa." Vijana wawili waliokuwa wakisubiri simu zao wakacheka.

Nimepiga solo kanisani tangu sijaota ndevu. Nikatoka pale natetemeka, nikashuka ngazi, na nusura nipitilize Old Taxi Park ya Kampala bila kuona teksi yangu.

Sasa niseme nilifikaje kwake. Gitaa langu lina hambaka mbili, yaani pikapu zenye koili (mizunguko ya waya) mbili mbili, na ya nyuma, ile ya karibu na daraja, nilibadilisha. Shemeji aliniletea pikapu iliyotumika ya kampuni ya DiMarzio kutoka Nairobi. (Pikapu ya gitaa, jamani, si ya kubebea matofali. Mke wangu aliposikia nimenunua pikapu alitoka nje kuitazama.) Hambaka ni tamu kwa muziki mzito, lakini mimi napiga seben, lile gitaa la kasi la rumba ya Kikongo, na seben inataka kila noti isimame peke yake. Kwenye hambaka ya kawaida, ukiharakisha vidole, noti zinashikana kama posho (ugali) lililolala. Kwa hiyo nilitaka nobu ya kuvuta: ikiwa chini, koili mbili zifanye kazi pamoja kwa mfuatano, umeme ukipita moja kisha nyingine, ikivutwa, koili moja izimwe ibaki moja, sauti ing'ae.

Fundi alinisikiliza, kisha akasema neno ambalo nitalirudia huko chini kwa shingo upande: "Usizime koili. Zipange sambamba, zifanye kazi bega kwa bega badala ya kufuatana. Sauti itang'aa, na haitavuma." Nikakataa. Nilikuwa nimetazama video usiku kucha na kila mtu mle alikuwa anazima koili. Nikamwambia afanye nilichosema, ndiyo maana nalipa. Shilingi 70,000, nusu mkononi. Labda hapo ndipo alipoanza kunichukia, sijui.

Siku ya kuchukua kazi, nobu ilikuwa imevutwa juu. Nikapiga pale pale kibandani. Ilikuwa inalia kama kengele! Nikacheka peke yangu, nikamwita daktari, nikammalizia pesa yake na soda juu. Sikubonyeza nobu chini. Kosa langu, nalikubali, lakini fundi gani anakukabidhi kazi ambayo mwenyewe hajaijaribu pande zote mbili?

Jumapili nikaanza ibada na nobu juu. Kulikuwa na mvumo kidogo wa taa na nyaya za ukutani, nao huo nilikuwa nautegemea: koili moja hunasa umeme wa ukutani, huu wetu wa 240 volti wenye mizunguko 50 kwa sekunde, na hakuna wa kuufuta. Nikajiambia, zamu ya solo ikifika nitabonyeza, koili zote ziamke, sauti inenepe, mvumo ufe. Kwaya ikapandisha, mpiga ngoma akanipa jicho, nikabonyeza.

Sauti ikazama! Ikawa kama redio yenye betri zilizochoka, imefunikwa ndoo. Halafu badala ya kufa, mvumo ukavimba, nyuki wazima ndani ya spika. Nikaongeza sauti, nyuki nao wakaongezeka. Mama mmoja wa kwaya akageuka kunitazama huku anaimba, uso wa kumtazama mtoto aliyemwaga mchuzi mbele ya wageni. Kinanda kikaichukua solo yangu, na mpigaji wake hajaacha kunikumbusha hadi leo.

Fikiria uchungu wake. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliomba hataza ya hambaka mwaka 1955 kwa sababu moja tu: kuua mvumo. Koili mbili, moja kinyume cha nyingine kwa sumaku na kwa mzunguko wa waya, ili sauti ya nyuzi ijumlishwe na mvumo ujifute. Yangu, kwa kazi ya kulipiwa, ilikuwa inajumlisha mvumo na kufuta nyuzi.

Na ndiyo Jumatatu ile ya masikio mabovu. Kuifungua tena alitaka 20,000. Nilibeba gitaa langu.

Lilikaa ndani ya mfuko wiki kadhaa. Kisha tukapata msiba Kasese, magharibi mwa Uganda, na kule kuna mzee fundi wa redio ambaye marehemu baba alikuwa anampelekea kila kitu chenye waya. Nikalibeba bila matumaini. Mzee hakuuliza maswali. Alifungua kifuniko cha nyuma, akainama, akanyamaza. Nikadhani ameona uchafu. "Huyu mtu ana mkono," akasema. Kila tone la risasi ya kuunganishia nyaya lilikuwa jembamba, linang'aa, waya hata mmoja haujaungua ngozi. Niliudhika kusikia hivyo.

Akatoa mita ya zamani, ile ya mshale. Akaifuata njia ya umeme: akapima koili ya kwanza, akaweka bisibisi juu ya vichwa vyake, akaibandua kwa haraka. Mshale ukaruka kulia. Akahamia koili ya pili kwa mwelekeo ule ule, bisibisi, akabandua. Mshale ukaruka kushoto. "Kijana wangu, hawa wawili wanavutana," akasema. "Mmoja ameingiziwa mlango wa nyuma."

Rangi za nyaya tu! Fundi wangu alifuata rangi za Seymour Duncan, kampuni nyingine ya pikapu: mweusi unapeleka sauti, mweupe na mwekundu vinaunganishwa, wa kijani unakwenda athi, yaani ardhini. DiMarzio haziendi hivyo. Kwao mwekundu ndio unapeleka sauti, mweusi na mweupe ndio wanaounganishwa. Wa kijani tu ndio unafanana. Ukichanganya, koili moja inageuka kinyume, na maltimita haitakuambia kitu, kwa sababu ukinzani ni ule ule uwe umegeuza au hukugeuza. Zile kilo-omu 8 alizonigeuzia usoni hazikuwa ushahidi wa lolote. Na ukivuta nobu, koili inayobaki peke yake haina wa kugombana naye, ndiyo maana kibandani ililia vizuri.

Mzee akabadilisha nyaya mbili. Nikapiga. Sauti imejaa, mvumo hakuna. Ningeishia hapo, ningekuwa na haki ya kumtukana fundi wa Kampala bila kigugumizi.

Lakini kwa kuwa risasi ilikuwa bado ya moto, nikasema, mzee, hebu nobu ikivutwa tuziweke sambamba badala ya kuzima moja, tuone. Swichi ya chini ya nobu ina miguu sita, alichezea kama dakika kumi. Kipimo kikashuka hadi karibu kilo-omu 2. Nikavuta, nikapiga seben taratibu, kisha kwa kasi. Kila noti peke yake. Sauti imepungua kidogo, hilo amplifaya inalimaliza. Na kimya kati ya noti kilikuwa kimya kweli, chini ya taa ile ile ya mrija iliyokuwa inalia juu ya meza ya mzee.

Kwa hiyo alikuwa sahihi. Yule mla rolex. Kwa seben, na kwa majengo yetu haya yasiyo na athi ya maana, sambamba ndiyo ya kuchagua, na aliniambia siku ya kwanza, bure. Nilitaka kuandika hapa kwamba mtu yeyote asimwendee. Sasa sijui niandike nini. Mkono anao, na ushauri wake ulikuwa mzuri kuliko video zangu zote. Ila masikio yangu si mabovu, na mbele ya wale vijana hajanirudishia heshima yangu.

Pikapu ya mbele bado haijaguswa, na Kasese ni mbali. Nitarudi kwake. Nitachapisha rangi za DiMarzio kwenye karatasi kubwa, nizibandike mgongoni mwa gitaa, na nobu nitaibonyeza mimi mwenyewe kabla sijatoa hata shilingi.