Afghanistan ya zamani: michoro ya Rattray au picha za Burke?

Ukitaka kuona Waafghani wa karne ya 19 utakutana na hawa wawili, na mimi nasema wazi namkubali zaidi Burke. James Rattray alikuwa ofisa wa jeshi la Waingereza kwenye vita ya kwanza ya Waingereza na Waafghani, 1839 mpaka 1842, michoro yake ikachapishwa London 1848. Kwa rangi hapo humpati mtu, vilemba, majoho, kaburi la Ahmad Shah, mfalme mwanzilishi wa Afghanistan, kule Kandahar, ila bwana anaremba kidogo, kila mtu kasimama kama anasubiri kupigiwa makofi.

John Burke yeye alikuja na kamera vita ya pili, 1878 hadi 1880, enzi za picha kupigwa kwenye vioo vilivyopakwa kemikali, rangi hakuna. Lakini icheki ile picha ya kijiji cha Gandamak, Mei 1879: watu watano wamekaa, Amir Yaqub Khan, mtawala wa Afghanistan, katikati, pembeni yake Cavagnari, mjumbe wa Waingereza, mkataba wa amani ndo huo, halafu Septemba mwaka huohuo Cavagnari akauawa Kabul. Mavazi nenda kwa Rattray, sura za watu Burke. Ila wote walikuja na jeshi la wavamizi, ndo maana maisha ya ndani ya nyumba huyaoni sana.